Gonzaga, Luiz (1912–1989)

Luiz Gonzaga do Nascimento, mwimbaji na mpiga kodiani wa Brazili aliyelakabiwa Mfalme wa Baião, alizaliwa tarehe 13 Disemba 1912 huko Exu, jimbo la Pernambuco, katika nyika kame ya kaskazini-mashariki ambayo wenyeji wake huiita sertão, na ambako mvua ikikosekana mwaka mmoja mifugo hufa, na ikikosekana wa pili watu hufunga virago vyao wakahajiri. Baba yake, Januário, alikuwa mkulima, na pamoja na ukulima wake alipiga na kutengeneza kodiani ndogo za besi nane. Naye kijana, tangu utotoni, alifuatana na baba yake katika karamu za mashambani akimpokea chombo mzee alipochoka.

Mwaka 1930, baada ya kukataliwa na baba wa binti aliyempenda, na baada ya kuchapwa na mama yake kwa kuthubutu kumtishia mzee huyo, alitoroka nyumbani akajiandikisha jeshini. Alidumu askari muda wa miaka tisa, akiwa mpiga tarumbeta wa kikosi, na alipoachishwa mwaka 1939 alikuwa Rio de Janeiro akingojea meli ya kumrejesha kwao. Lakini akakaa, akatafuta riziki yake kwa kodiani katika vilabu vya mtaa wa Mangue, miongoni mwa mabaharia na makahaba, akipiga tango, walsi na dansi nyingine za kigeni ambazo mji ulizisifu wakati huo.

Haikumfaa. Alijaribu bahati yake katika mashindano ya redio kwa muziki huohuo wa kuazima, asipate sifa yoyote, mpaka wanafunzi wa jimbo la Ceará, waliokuwa wageni mjini kama yeye, walipomtaka awapigie nyimbo za kwao. Naye, aliyekuwa karibu kuzisahau, akazirudia kwa siri mpaka vidole vikazikumbuka. Akaenda nazo katika kipindi cha mashindano cha mtangazaji wa redio Ary Barroso, akapiga “Vira e Mexe”, akapewa alama zote. Na mwaka 1941 kampuni ya RCA Victor ikaanza kumrekodi. Wako wanaosema kwamba watu wa Rio walivutiwa na jambo geni tu. Rai yangu ni nyingine: wakati huo maelfu ya watu wa sertão walikuwa wakimiminika katika miji ya kusini kufanya kazi za kibarua na za ujenzi, wakidharauliwa kwa lafudhi yao, na mtu huyu alikuwa wa kwanza kuifanya lafudhi hiyo isikike redioni kwa taadhima. Wala hakuruhusiwa upesi. Wakubwa wake walimtaka apige bila kuimba, na mwaka 1945 ndipo sauti yake mwenyewe ilipotiwa katika sahani.

Mwaka huohuo alikutana na Humberto Teixeira, mwanasheria mzaliwa wa Ceará, wakaunda pamoja mdundo wa baião kwa matumizi ya mijini, na tarehe 3 Machi 1947 Gonzaga akarekodi “Asa Branca”, wimbo wa mtu anayeiacha ardhi yake iliyoungua, hata njiwa wa porini amekwisha kuihama, huku akimwahidi mpenzi wake kwamba mvua ikinyesha atarudi. Sijui wimbo mwingine wa ghurba uliosema mengi kwa maneno machache kiasi hicho. Baadaye aliungana na Zé Dantas, tabibu wa Pernambuco, na katika ukame wa mwaka 1953 wakatoa “Vozes da Seca”, unaowataka watawala wawajengee watu mabwawa na kuwapa kazi badala ya sadaka. Mwaka 1964 akarekodi “A Triste Partida”, utenzi wa mkulima na mshairi Patativa do Assaré, unaosimulia aila inayouza wanyama wake, ikasafiri mpaka São Paulo, ikazama katika deni la tajiri wake isiweze kurejea tena.

Kodiani, ngoma kubwa ya zabumba na pembetatu ya chuma: hivyo vitatu ndivyo alivyoviweka kuwa msingi wa bendi yake, na mpaka leo ndivyo vya forró, muziki wa dansi wa kaskazini-mashariki. Alivaa kofia ya ngozi kwa mfano wa Lampião, jambazi mashuhuri wa nyika ile, pamoja na koti la ngozi la wachunga ng’ombe, mavazi ambayo watu wa mjini waliyahesabu kuwa ya kishamba.

Ulipokuja mtindo mpya wa bossa nova mwishoni mwa miaka ya 1950 redio zilimpa mgongo, naye akarudia miji midogo ya bara, ambako hakusahauliwa kamwe. Vijana waliomrudishia heshima mijini walikuwa wanamuziki akina Gilberto Gil na Caetano Veloso. Na huyu wa pili, akiwa uhamishoni London, aliurekodi upya “Asa Branca” mwaka 1971.

Pamoja na mwanawe Gonzaguinha mambo hayakuwa mepesi. Mtoto alilelewa na wazazi wa ubatizo katika kilima cha maskini mjini Rio, akakua mtunzi ambaye nyimbo zake zilipigwa marufuku na serikali ya kijeshi, ilhali baba alipatana na watawala hao. Hata hivyo walisuluhishana, wakazunguka nchi wakiimba pamoja kuanzia mwaka 1979. Gonzaga alifariki Recife tarehe 2 Agosti 1989, akazikwa Exu. Kodiani yake ilirithiwa kwa usanii na Dominguinhos wa Garanhuns, ambaye Gonzaga alimsikia akipiga angali mtoto, akamtunuku chombo.