Aliyerudi Vitani: Sheria Inamwita Nani?

Mwezi Machi 2004 Marekani ilimwachia Abdullah Mehsud, raia wa Pakistani aliyekuwa mikononi mwake kwa takribani miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo katika gereza la Guantánamo, Kuba. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Waziristan Kusini akiongoza wapiganaji waliowateka wahandisi wawili wa Kichina. Mmoja wao alipoteza maisha katika operesheni ya kuwaokoa. Julai 2007 Mehsud alizingirwa katika mji wa Zhob, akajilipua asikamatwe mara ya pili.

Ripoti za serikali humwita mtu wa namna hii "aliyerejea katika ugaidi". Maneno hayo yanaonekana wazi, lakini kisheria yamebeba madai matatu mazito: kwamba mtu huyo alikuwa na hadhi inayojulikana alipokamatwa, kwamba aliachiwa kwa masharti yanayojulikana, na kwamba kwa kurudi kwake amevunja jambo fulani. Amevunja nini hasa? Sheria ya vita ilikuwa na jibu la swali hilo tangu karne ya 19. Jibu hilo lilipotea mwaka 2002, pale dola iliyowakamata watu hawa ilipokataa kusema ni watu gani.

Ahadi na orodha

Tarehe 24 Aprili 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini Marekani, serikali ya Abraham Lincoln ilitoa Amri Kuu Namba 100, iliyoandikwa na Profesa Francis Lieber wa New York. Amri hiyo ilitambua desturi ya kumwachia mateka kwa neno lake la heshima: askari aliahidi, yeye binafsi, kwamba hatashika tena silaha dhidi ya waliomwachia hadi atakapobadilishwa rasmi na mateka wa upande wa pili. Ahadi ilipaswa kuandikwa katika hati mbili zenye jina na cheo chake. Aliyeivunja na kukamatwa tena, adhabu yake ilikuwa kifo. Kwa sababu hiyohiyo, kifungu kilekile kilizitaka pande zote mbili kutunza orodha sahihi za walioachiwa. Ukali wa adhabu ulikwenda sambamba na usahihi wa kumbukumbu.

Utaratibu huo ulipata mtihani mapema. Mji wa Vicksburg uliposalimu amri tarehe 4 Julai 1863, Jenerali Ulysses Grant aliwaachia askari wa Kusini wanaokaribia 30,000, kila mmoja kwa hati yenye saini yake. Novemba mwaka huohuo, katika mapigano ya Chattanooga, baadhi yao walikutwa tena vitani. Upande wa Kusini ulidai kwamba walikuwa wamekwisha kubadilishwa kihalali. Upande wa Kaskazini ulikana, na ugomvi huo ulichangia kuvunjika kwa mpango mzima wa kubadilishana mateka. Hata hivyo, pande zote mbili zilibishana juu ya hati: ilikuwa bado na nguvu, au la? Hakuna aliyebisha kwamba mtu huyo alikuwa askari.

Kanuni za The Hague za mwaka 1907 ziliendeleza wazo hilo. Mateka aliyeachiwa kwa ahadi akakamatwa tena na silaha alipoteza haki ya kutendewa kama mateka wa vita, na aliweza kufikishwa mahakamani. Kanuni hizohizo zilisema pia kwamba mateka hawezi kulazimishwa kukubali uhuru wa namna hiyo, maana ahadi iliyokamuliwa kwa nguvu haina heshima ya kuvunjwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 ulibakiza nafasi ya kuachiwa kwa ahadi.

Upande wa pili wa sheria hiyo husahauliwa. Askari aliyetoroka gerezani akarudi katika jeshi lake hakuwa mhalifu kwa kupigana tena. Wala hakuwa mhalifu aliyebadilishwa kihalali. Kurudi vitani peke yake hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuvunja ahadi, na ahadi ilikuwa na mwenyewe, tarehe na shahidi.

Gereza lisilo na jina la mfungwa

Mahabusu wa kwanza walifikishwa Guantánamo tarehe 11 Januari 2002. Tarehe 7 Februari Rais George W. Bush aliamua kwamba wapiganaji wa Taliban na al-Qaeda hawatapewa hadhi ya mateka wa vita. Wala hawakufunguliwa mashtaka kama wahalifu, isipokuwa wachache. Kati ya watu wapatao 780 waliopita katika gereza lile, wengi waliingia na kutoka bila mahakama yoyote kutamka kwamba walikuwa wapiganaji, wahalifu, au watu waliouzwa na majirani kwa tamaa ya zawadi ya fedha.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliingia polepole. Katika kesi ya Hamdi, mwaka 2004, ilieleza kwamba lengo la kumzuia mpiganaji si kumwadhibu, bali kumzuia asirudi vitani. Katika kesi ya Hamdan, mwaka 2006, ilisema kwamba Kifungu cha 3 kinachopatikana katika Mikataba yote ya Geneva kinawahusu hata watu hawa. Katika kesi ya Boumediene, mwaka 2008, iliwapa haki ya kuhoji mbele ya majaji uhalali wa kuzuiliwa kwao. Kufikia hapo, watu wapatao 500 walikuwa wamekwisha kuondoka.

Baadhi ya walioachiwa walitakiwa kutia saini hati za kuahidi kuachana na vurugu. Mtu anaweza kusema: basi ahadi ilikuwepo. Naam, karatasi ilikuwepo, lakini hapakuwa na sheria ya kuipokea. Neno la heshima la Lieber lilitolewa na mtu ambaye adui yake amemtambua kuwa askari. Karatasi ya Guantánamo ilitolewa na mtu aliyenyimwa kila jina la kisheria, na iliwekwa mbele yake akiwa hana kikomo cha kifungo. Aliyekuwa mpiganaji hakuona aibu kuivunja. Asiyewahi kuwa mpiganaji alijikuta ameahidi kuacha jambo ambalo hakulifanya.

Watu wawili, hadhi mbili

Abdallah Salih al-Ajmi alirudishwa Kuwait Novemba 2005, akashtakiwa huko, akaachiwa huru. Mwaka 2008 alifanya shambulio la kujitoa mhanga mjini Mosul, Iraq. Ni rahisi kuilaumu mahakama ya Kuwait, lakini mahakama huhukumu kwa ushahidi uliowekwa mbele yake. Siku moja kabla ya Mosul, mtu huyu kisheria alikuwa raia huru asiye na hatia. Hakuna kiungo chochote cha kisheria kilichomfunga na Guantánamo.

Ibrahim al-Qosi, raia wa Sudan, alikiri makosa mwaka 2010 mbele ya tume ya kijeshi palepale Guantánamo. Alihukumiwa miaka 14, na kwa makubaliano sehemu kubwa ya kifungo hicho ikasitishwa, naye akaahidi kutoshiriki uhasama dhidi ya Marekani. Alirudi Sudan Julai 2012. Desemba 2015 alionekana katika video ya tawi la al-Qaeda nchini Yemen. Tume zile zina dosari nyingi, na wengi wamezikosoa kwa haki. Lakini kwa al-Qosi tunaweza kusema kwa lugha ya sheria kile alichokivunja: kuna hukumu, kuna sharti, kuna adhabu iliyosimamishwa. Kwa al-Ajmi hatuwezi.

Wote wawili walirudi. Uhalali wa utaratibu, basi, si kinga dhidi ya kurudi, na asiidai hivyo yeyote. Takwimu, hata hivyo, zinastahili kutazamwa. Kwa mujibu wa ripoti ya Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa wa Marekani, hadi Julai 2016 watu 693 walikuwa wamehamishwa kutoka Guantánamo. Kati ya 532 walioondoka kabla ya Obama kuingia madarakani Januari 2009, waliothibitishwa kurejea walikuwa 113, yaani asilimia 21. Kati ya 161 walioondoka baadaye, walikuwa 9, chini ya asilimia 6. Hawa wa pili walikuwa wamepita muda mfupi zaidi uraiani, hilo ni kweli. Lakini pia mafaili yao yalichunguzwa moja moja na idara kadhaa, na nchi zilizowapokea zilikubaliana na masharti kabla ndege haijaruka.

Ripoti hiyo ina safu nyingine, ya "wanaoshukiwa". Kuingia humo hutosha taarifa ya chanzo kimoja isiyothibitishwa. Aliyeachiwa bila kuhukumiwa hana mahali pa kukata rufaa dhidi ya orodha hiyo.

Leo anasimama wapi?

Nikijumlisha, mtu aliyeachiwa bila hukumu kisha akajiunga na kundi la silaha ana sura mbili tu mbele ya sheria. Kwanza, ni mshukiwa wa kosa jipya katika nchi aliyomo, na kuzuiliwa kwake zamani hakuhesabiwi kama kosa la kwanza. Pili, mahali penye vita, ni mwanachama wa kundi la silaha anayeweza kushambuliwa, na akikamatwa analindwa na Kifungu cha 3. Sura ya tatu, ile ya mvunja ahadi, haipo. Serikali ndiyo iliyoifuta.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Desemba 2024 Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alirudishwa nyumbani kutoka Guantánamo bila kuwahi kushtakiwa. Hana hatia aliyotiwa, na kumtazama kama mtu anayesubiriwa "kurudi" ni kumhukumu kwa kosa ambalo hakuna mahakama iliyolisikiliza.

Aprili 2015, baada ya mauaji ya Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya alitangaza siku kumi za msamaha kwa vijana waliojiunga na al-Shabaab. Nia ilikuwa njema. Lakini Katiba ya Kenya, kifungu cha 133, inampa Rais uwezo wa kuwasamehe waliokwisha kutiwa hatiani. Na kifungu cha 157 kinasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hapokei maagizo ya mtu yeyote. Kijana aliyejisalimisha kwa tangazo la Waziri alishika nini mkononi? Na akirudi msituni, tutasema amevunja nini?

Watumishi wa umma wanaoandaa miongozo ya kuwapokea wanaorejea wanaweza kuanza na mambo ambayo Lieber aliyajua: jina la mtu, hati yenye masharti, sheria ya Bunge inayoipa hati hiyo nguvu, na mahakama inayoweza kuisoma. Wanaharakati nao wadai hayo kabla ya mtu kuachiwa, si baada ya bomu. Dola ikikataa kumpa mtu jina la kisheria anapoingia kizuizini, haitakuwa na jina la kumwita siku atakapotoka, wala siku atakapokamatwa tena.