Kupanga arei kwa mpangilio unaoutaka wewe (na jinsi nilivyowatoa watu kwenye ndondo)

Leo naweka pembeni habari za mtaa, kuna ishu ya kompyuta nimeahidi kuielezea tangu watu waliponipigia kelele pale kijiweni. Wale mnaojifunza kutengeneza tovuti kwa kuibia ibia muda wa kafe, hii ni yenu. Na wale wa soka msiondoke, mnahusika.

Ishu yenyewe ni kupanga arei. Arei ni orodha, yaani vitu vingi umevipa jina moja na kila kimoja kina nafasi yake. Inaweza kuwa majina ya wachezaji, bei za vocha, timu za ligi, chochote. PHP na JavaScript zote zina amri ya kupanga orodha, lakini ukiiacha yenyewe inapanga inavyojua yenyewe. Kasheshe inaanza pale unapotaka mpangilio ambao kompyuta haiujui.

Chukua siku za wiki. Sisi tunahesabu mosi, pili, tatu, nne, tano, halafu Alhamisi na Ijumaa. Ziweke kwenye arei, amuru zipangwe, utapata hivi: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu. Ratiba ya mechi ikitoka hivyo watu watadhani umelewa. Kompyuta haijakosea, imefuata alfabeti. Hakuna aliyeiambia kwamba Jumamosi ndiyo mosi.

KOMPYUTA INAULIZA SWALI MOJA TU

Mnakumbuka mstarini shuleni, mwalimu anapanga watu kwa urefu? Hawapimi wote kwa mpigo. Anachukua wawili, anawasimamisha bega kwa bega, anasema wewe mbele, wewe nyuma. Anakwenda kwa wawili wengine. Akimaliza, mstari mzima umenyooka.

Kompyuta nayo inafanya hivyo hivyo. Inachukua vitu viwili kutoka kwenye arei yako, tuviite a na b, inakuuliza: nani akae mbele? Wewe unajibu kwa namba. Namba hasi maana yake a akae mbele. Namba chanya, b akae mbele. Sifuri, wako sawa. Basi. Kazi yako ni kuandika funksheni ndogo ya kujibu swali hilo, kuzungusha ni kazi yake. Kwenye PHP amri inaitwa usort, kwenye JavaScript ni sort ile ile ukiipa funksheni yako.

Sasa wachezaji. Nataka orodha ianze na kipa, kisha beki, kiungo, mshambuliaji, kama watangazaji wanavyosoma kikosi. Alfabeti ingeanza na beki. Kwa hiyo unatengeneza arei ya pili ambayo ndiyo sheria yako, kila nafasi unaipa namba:

$sheria = array('kipa' => 1, 'beki' => 2, 'kiungo' => 3, 'mshambuliaji' => 4);

function linganisha($a, $b) {
  global $sheria;
  $x = $sheria[$a['nafasi']] ?? 99;
  $y = $sheria[$b['nafasi']] ?? 99;
  return $x <=> $y;
}

usort($wachezaji, 'linganisha');

Alama ya <=> iliingia na PHP 7 mwaka 2015, kama ile ya ??. Inarudisha -1, 0 au 1, ndicho hasa tunachokitaka. Hiyo 99 usiidharau. Siku mtu akiandika "winga" wakati kwenye sheria yako hakuna winga, anapelekwa mwisho, unamwona, unarekebisha. Watu wengi wanatumia njia ya kutafuta nafasi ya neno kwenye orodha, kwa JavaScript ni indexOf. Neno lisipokuwepo, indexOf inarudisha -1, na -1 ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo winga wako anapanda juu ya kipa. Wanaopanga moja kwa moja kwenye MySQL kwa ORDER BY FIELD wanakutana na kitu hicho hicho: kisichokuwemo kinapewa 0 na kinakaa wa kwanza.

Siku za wiki ni vile vile, Jumamosi 1 mpaka Ijumaa 7. Angalia tu usichanganye na hesabu ya mashine yenyewe, maana kwenye JavaScript getDay inaipa Jumapili 0.

SASA YALIYONIKUTA

Likizo moja ya Juni kulikuwa na ndondo mtaani kwetu, kombe lenyewe la mbuzi na jezi. Mratibu akaniita, "Dogo, wewe si mtu wa kompyuta, tutengenezee msimamo uwe unaonekana kwenye simu." Tukakubaliana hela ya kibarua, nusu kabla, nusu baada ya fainali. Majina ya timu naficha, nina sababu zangu. Tuziite Embe, Papai, Ndizi na Chungwa, na ya tano aliyeburuza mkia tumwache apumzike. Kundi la timu tano, kila moja mechi nne, mbili za juu zinaingia nusu fainali.

Mimi nilikuwa nimeizoea PHP. Lakini seva ya bure niliyoipata ilikuwa haikubali PHP, ikabidi kazi yote ifanyike kwa JavaScript kwenye simu ya msomaji. Nikaandika kodi (siyo zile za TRA) hivi:

function linganisha(a, b) {
  if (a.pointi != b.pointi) return b.pointi - a.pointi;
  return a.tofauti > b.tofauti ? -1 : 1;
}

timu.sort(linganisha);

Isome taratibu. Kama pointi hazilingani, mwenye nyingi mbele. Zikilingana, mwenye tofauti kubwa ya magoli mbele. Nani angeona kosa hapo? Nilijaribu wiki nzima, msimamo ukatoka sawa kila siku.

Mechi za mwisho zilipoisha, Embe alikuwa na pointi 10. Papai 7, Ndizi 7. Wao kwa wao walitoka 1-1. Ukurasa ukamweka Papai wa pili. Mratibu akauchapa, akabandika kwenye ukuta wa duka, Ndizi wakaambiwa poleni.

Siku mbili baadaye, Ijumaa jioni, kapteni wa Ndizi ananifuata kafe na daftari la mraba.

"Dogo, hesabu unajua?"

"Najua kiasi, kaka."

"Haya hesabu na mimi. Chungwa tulimpiga 8-0. Yule wa mwisho 3-0. Papai 1-1. Embe katufunga 1-0. Tofauti yetu ngapi?"

Kumi. Tofauti ya Papai ilikuwa nne. Na ukurasa wangu ulikuwa unaonyesha hizo hizo, 10 na 4, kila mtu anaziona, na mwenye 4 yuko juu.

Jamani, nilitoka jasho. Kilichotokea ni hiki. Takwimu nilikuwa nazijaza kwenye fomu, na kinachotoka kwenye fomu ni maandishi, hata kama umeandika tarakimu. JavaScript ikilinganisha maandishi na maandishi kwa alama ya >, inaangalia herufi moja moja kutoka kushoto, kama kamusi. "4" na "10": herufi ya kwanza ni 4 na 1. Nne imeizidi moja, biashara imeisha, sifuri haiangaliwi kabisa. Kwa kamusi, "4" ni kubwa kuliko "10".

Sasa kwa nini pointi zilikuwa sawa muda wote? Kwa sababu kule nilitoa, b.pointi - a.pointi, na alama ya kutoa inalazimisha maandishi yawe namba. Mstari mmoja unajua hesabu, mstari unaofuata unasoma kamusi. PHP isingenifanyia hivyo, yenyewe ikiona maandishi mawili ambayo yote ni tarakimu inayalinganisha kama namba. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.

Na kwa nini wiki nzima sikuliona? Kwa sababu tofauti zote zilikuwa tarakimu moja moja. Idadi ya tarakimu ikilingana na namba zote zikiwa chanya, kamusi na hesabu zinatoa jibu moja. Mnakumbuka msimu wa 2011/12, Manchester City na Manchester United wote pointi 89? City alichukua ubingwa kwa tofauti ya magoli, 64 kwa 56. Kodi yangu mbovu ingempa City ubingwa bila tatizo, ningejiona fundi. Kosa lilikuwa linasubiri mtu avuke kutoka 9 kwenda 10, na Ndizi ndiyo walivuka.

Mwenye mashaka ajaribu sasa hivi. Kwenye kompyuta ya kafe fungua Chrome, bonyeza F12, chagua Console, andika [12, 9, 10, 4].sort() halafu Enter. Itakujibu 10, 12, 4, 9. Na hizo ni namba kabisa, siyo maandishi! Sort ya JavaScript isipopewa funksheni inageuza kila kitu kuwa maandishi kwanza.

Kodi sahihi ni hii, na ni fupi kuliko ile mbovu:

function linganisha(a, b) {
  return b.pointi - a.pointi
      || b.tofauti - a.tofauti
      || b.magoli - a.magoli;
}

Alama || hapo inasema: kama jibu la kwanza ni sifuri, yaani wamelingana, nenda kwenye swali linalofuata. Nimeanza na b kwa sababu nataka mkubwa mbele, ukianza na a mdogo anatangulia. Na hata hivyo geuza vitu vyako kuwa namba mapema kwa Number, pale pale vinapoingia kutoka kwenye fomu. Kwa PHP unaweza kulinganisha arei mbili kwa mpigo, yenyewe inakwenda kipengele kwa kipengele:

return [$b['pointi'], $b['tofauti'], $b['magoli']]
   <=> [$a['pointi'], $a['tofauti'], $a['magoli']];

WAKILINGANA KILA KITU JE?

Hapa ndipo watu wa kompyuta wanaamua mambo ambayo siyo yao. Angalia tena kodi yangu ya kwanza, haikuwa na sifuri. Walingane wasilingane, inarudisha -1 au 1, yaani inadanganya kwamba kuna aliye mbele. Ukirudisha sifuri, JavaScript kwa kanuni za 2019 na PHP kuanzia 8.0 ya mwaka 2020 zinawaacha waliolingana kwa mpangilio walioingia nao kwenye arei. Ni kitu kizuri, zamani walikuwa wanaweza kutoka vyovyote. Lakini fikiria: walioingia vipi? Kwangu mimi ilikuwa ni nani alilipa kiingilio kwanza. Timu inakwenda nusu fainali kwa sababu iliwahi kujiandikisha!

Kwa hiyo waulize wenye mashindano kabla hujaandika mstari wowote. Kombe la Dunia 2018 kule Urusi, Senegal na Japan walilingana pointi 4, tofauti sifuri, magoli 4 kwa 4, na wao kwa wao 2-2. Ikaamuliwa kwa kadi, Japan wakapita kwa sababu walikuwa na za njano chache, Senegal wakarudi nyumbani. Uchungu, lakini sheria iliandikwa kabla. Kwenye Euro wanaanza na matokeo ya wao kwa wao kabla ya tofauti ya magoli. Ni mistari ile ile, umebadilisha tu ipi inatangulia, na anayepita anaweza kuwa mwingine.

Vidogo vidogo kabla muda wangu haujaisha hapa. Usirudishe true na false badala ya namba: PHP 8 inakulalamikia, na kwenye JavaScript false inakuwa sifuri, hasi hupati kamwe. Kwa PHP usirudishe desimali, 0.5 inakatwa inakuwa 0. Usort inafuta funguo za arei yako na kuzipa namba upya, ukizitaka zibaki tumia uasort. Sort ya JavaScript inavuruga arei yenyewe, kama unataka ya zamani ibaki kuna toSorted ya 2023, ila kwenye vivinjari vya zamani haimo.

Ndizi walirudishwa Ijumaa ile ile usiku, Papai wakatolewa, na mnajua wenyewe kelele zilizopigwa. Kipa wa Ndizi alishaambiwa wametoka, akapanda basi kurudi kwenye kibarua chake Morogoro. Jumamosi alidaka beki. Walifungwa 2-0. Ile nusu ya pili ya hela sijaidai mpaka leo, na kapteni nikipishana naye ananiita "Bwana Kamusi".

Mwenye swali au mwenye njia nzuri kuliko hii aache maoni hapo chini. Ukibandika kodi yako andika na jibu ulilolipata, siyo "haifanyi kazi" peke yake.