Kidonge Kilichotoka Busia

Mchumi akitaka kujua utafiti wake umefika wapi, siku hizi anaingia mtandaoni na kuhesabu waliomtaja. Kuna hata kipimo chake, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 40, na kila moja imetajwa angalau mara 40, basi alama yako ni 40. Vyuo vinaitumia kupandisha watu vyeo. Sawa. Ila wanaokutaja ni wasomi wenzako. Wako wengine ambao hawatakutaja kamwe, maana walichopata kutoka kwako ni kidonge, na walishakimeza.

Chukua utafiti wa minyoo. Mwaka 1998 dawa zilianza kugawiwa katika shule 75 za msingi huko Busia, mpakani na Uganda. Shirika lililozigawa halikuweza kufikia zote kwa mpigo, kwa hiyo shule zikatengwa mafungu matatu: wengine wakatangulia, wengine wakangoja. Michael Kremer na Edward Miguel wakalinganisha, na makala yao ikatoka mwaka 2004 katika jarida la Econometrica. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Halafu kuna jambo lililowasisimua wachumi zaidi: hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika, kwa kuishi karibu na waliomeza. Minyoo hupitia kwenye udongo tunaoukanyaga sote. Nikitibiwa mimi, na wewe umepata nafuu. Sasa ukimwachia kila mzazi ajinunulie dawa, watanunua wachache kuliko inavyofaa, kwa sababu nani hulipia nafuu ya jirani? Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya kuigawa bure.

Hoja ikasikika. Mwaka 2009 Kenya ilitibu watoto milioni 3.6 shuleni, na tangu 2012 mpango huo ukaendeshwa kila mwaka, Kwale ikiwemo. Ugomvi ulikuja baadaye. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha afya ya kitropiki cha London walizirudia hesabu za Busia wakakuta makosa, hasa kuhusu faida kwa shule za mbali. Wenyewe wakakiri makosa hayo, lakini hitimisho lao kuu hawakuliachia. Mwaka 2021 wakarudi na takwimu nyingine: waliotibiwa utotoni kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa wakipata asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi, hadi miaka 20 baadaye.

Tuteremke Kwale sasa. Wengi wetu tunaijua kwa Diani, kwa picha za wikendi. Lakini ufuo ni utepe mwembamba tu. Nyuma yake kuna minazi, mihogo, na udongo wa kichanga ambao mabuu ya safura huupenda. Safura! Neno hilo Mpwani analo tangu zamani: damu kupungua, viganja kuparara, mtu kuchoka kabla jua halijapanda. Ukitaka kueleza uhusiano wa afya na uzalishaji kwa neno moja, sidhani utapata bora kuliko hilo.

Na watu wa huku si wageni wa utafiti. Msambweni imekuwa ikipimwa kichocho tangu miaka ya 1980. Mwaka 2015 ukaanza mwingine, ukiwa na jina ambalo kwa mara moja halihitaji mkalimani: TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Nao waliouendesha pamoja na Wakenya walitoka chuo kilekile cha London.

Swali lao lilikuwa jepesi. Mtoto anameza dawa shuleni, anarudi nyumbani, anakanyaga udongo uleule anaokanyaga mama, baba na babu ambao hakuna aliyewapa chochote. Je, tukimtibu kila mtu? Vitengo 120 vya afya ya jamii vikagawanywa. Kwingine watoto pekee walitibiwa, kama kawaida. Kwingine wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, na kwingine mara mbili.

Baada ya miaka miwili, palipotibiwa watoto tu, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipopitwa nyumba zote mara moja kwa mwaka, kutoka 17.9 hadi 8.0. Mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2.

Zisome tena takwimu hizo ukikumbuka Busia. Hoja iliyouza dawa duniani ilikuwa ya jirani. Ila ilipogeuka kuwa sera, jirani mtu mzima akaachwa nje, kwa sababu shuleni ndiko kuliko rahisi: walimu wapo, watoto wamejipanga foleni. Nawaelewa waliopanga bajeti. Lakini anayelima, anayevua, anayefua mashuka ya hoteli Diani ni mtu mzima, na uzalishaji unaozungumzwa leo ni wake kwanza. Kutajwa mara elfu hakuonyeshi kwamba yeye alirukwa.

TUMIKIA yenyewe ilipima hasa maambukizi. Mishahara haikuwa swali lake. Kama mama wa Msambweni aliyepewa kidonge mlangoni mwake mwaka 2016 alilima zaidi msimu uliofuata, matokeo hayo hayasemi. Yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2019. Mwaka huohuo Kremer alipokea Nobel ya uchumi, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.