Kusubiri Gemu Mpya Bugarama: Ilikotoka, Ilikopita na Yanayotuhusu Sisi Wazazi



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, kwa wiki kadhaa sasa watoto wetu hapa Bugarama wana mazungumzo mamoja tu: PlayStation 5 inakuja. Jamaa wa hapa hapa, anayefanya kazi Oman, ametuma habari kwamba akija likizo atakuja na mashine mbili na televisheni kubwa, afungue kibanda cha gemu kando ya barabara ya Rumonge. Hakuna duka litakalofungua milango siku hiyo, wala tangazo redioni. Kwetu sisi, siku ya mashine kutoka ni siku atakayoshuka huyo jamaa na mabegi yake. Na vijana wanaihesabu siku hiyo kama wanavyouhesabu mwezi wa Idi.

Mzazi mmoja alitufuata baada ya swala ya Isha akatuuliza: "Maalim, tuikataze kabla haijafika?" Hatukumjibu usiku ule. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu juu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo lenyewe. Basi tumeona kwanza tusimulie historia ya mashine hii, kisha turudi kwenye swali la mzazi mwenzetu.

Mashine za kufurahisha si ngeni kwa Waislamu

Wako wanaodhani kwamba mashine ya mchezo ni jambo geni kabisa katika umma wetu. Sivyo. Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad wajulikanao kama Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu, vingi vikiendeshwa kwa maji na hewa. Mwaka 1206 al-Jazari, fundi wa watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mashine. Humo mna pampu za maji na saa, na pia mna mashua yenye wanamuziki wa kutengenezwa waliowafurahisha wageni katika karamu. Fundi yule yule aliyefikiri jinsi ya kupandisha maji shambani alifikiri pia jinsi ya kumfanya mtu atabasamu.

Na mchezo wa sataranji ulichezwa sana Baghdad, na as-Suli wa karne ya 10 alisifika kwa umahiri wake mbele ya makhalifa. Wanazuoni walihitilafiana kuhusu sataranji, lakini maswali yao yalikuwa yale yale: je, kuna kamari ndani yake? Je, unamsahaulisha mtu swala? Je, unaleta ugomvi na matusi? Ndugu msomaji, yashike maswali hayo matatu, tutayahitaji mbele.

Mtoto mkimbizi aliyebuni gemu ya nyumbani

Mtu anayehesabiwa kuwa baba wa gemu za televisheni ni Ralph Baer. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi. Utawala wa Hitler ulipoanza kuwatesa Mayahudi, alifukuzwa shule akiwa mtoto, na mwaka 1938 familia yake ikakimbilia Marekani. Kule alijifunza ufundi wa redio na televisheni. Mwaka 1966 alipata wazo: televisheni iko katika kila nyumba, na watu wanaitazama tu. Kwa nini wasiweze kuichezea? Wazo hilo lilizaa mashine iliyoitwa Magnavox Odyssey, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1972. Haikuwa na sauti. Kwenye kioo palikuwa na vidoa vyeupe tu, na mchezaji alibandika karatasi ya plastiki yenye picha ili paonekane kama uwanja.

Miaka minne baadaye, mwaka 1976, ilitoka Fairchild Channel F. Hii ndiyo ya kwanza ambayo programu ya gemu yenyewe ilikaa ndani ya kifaa cha kuchomeka, ukabadilisha gemu kwa kuchomeka kifaa kingine. Timu iliyofanya kazi hiyo iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Tunawatajia vijana wetu jina hili makusudi, kwa sababu wengi wanadhani kwamba watu weusi katika mambo haya ni wachezaji na wanunuzi tu.

Mwaka 1972 kwetu

Lakini sisi wa ufukwe huu hatuwezi kuusikia mwaka 1972 tukafikiria televisheni. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulianza pande za Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, kisha yakafuata mauaji ya kulipiza yaliyoenea nchi nzima. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 100,000 au zaidi sana, na wengine kiasi cha 150,000 wakakimbia, wengi wao Tanzania. Wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka misitu na kulima. Watoto wao walizaliwa huko, na wajukuu pia. Mwaka 1993 vita vikazuka tena, na safari hii ikawa zamu ya kizazi chetu kulala katika mahema ya Kasulu, huko Muyovosi na Mtabila.

Kwa hiyo mwaka ambao mtoto mkimbizi wa Ujerumani, sasa mtu mzima, alipata matunda ya kichwa chake, ndio mwaka ambao watoto wa hapa walianza ukimbizi wao. Hatusemi haya ili kuwatia watoto huzuni. Tunasema ili wajue kwamba ukimbizi haumalizi akili ya mtu. Baer alifukuzwa shule, lakini hakuacha kusoma.

Njia ni ile ile

Kila kitu kipya kimekuja ufukweni hapa kwa kuchelewa, na karibu kila mara kwa njia ile ile. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walitoka Zanzibar na Bagamoyo, wakapita Tabora hadi Ujiji, na kutoka Ujiji walivuka kwa mitumbwi na majahazi hadi upande wetu. Kwa njia hiyo zilikuja nguo, shanga na bunduki, ilikuja biashara ya watumwa ambayo ni aibu isiyofichika, na ilikuja pia lugha hii tunayoandikia, na dini yetu. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na mizigo ikaacha vichwa vya wapagazi. Leo njia inaanzia Dubai au Muscat, inapita Dar es Salaam, inafika Kigoma, na boti zinaleta Rumonge mchele, sabuni, redio na simu.

Njia hiyo ikifungwa, sisi hukaa gizani. Tarehe 31 Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara baada ya mapinduzi ya mwezi ule, na vikwazo havikusimamishwa hadi Januari 1999. Ilhali PlayStation ya kwanza ilikwisha kutoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Yaani wakati watoto wa dunia wanaichezea mashine ile, wazazi wetu walikuwa wanasubiri mafuta ya taa na chumvi.

PlayStation ile ilitumia diski, na diski ilikuwa rahisi kunakili. Ndiyo maana gemu zilipofika miji ya Afrika Mashariki zilifika nyingi zikiwa za kunakiliwa, kwa bei ya kutupwa. Ya pili yake, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, na hiyo ndiyo tuliyoiona sisi kwa macho yetu, imechoka, kwenye chumba cha mabati, jenereta ikinguruma nje. Tulilipa kwa mechi. Waliokosa faranga walisimama nyuma na kuchungulia. Nasi tulikuwa miongoni mwao, tusiwafiche watoto.

Hata leo milango haijafunguka yote. PlayStation 5 ilitoka tarehe 12 Novemba 2020 Marekani na Japani, na tarehe 19 Novemba Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini. Hadi mwaka 2025 ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 80. Lakini Burundi haimo katika orodha ya nchi za duka lake la mtandaoni. Mwaka 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa gemu moja ya kompyuta wajiandikishe kwenye mtandao wake, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo yapatayo 177 ambayo hayakuwa na huduma hiyo. Wachezaji wakalalamika kwa wingi, na Sony ikaacha sharti lile. Kijana wa kwetu akitaka kujiandikisha inambidi aseme kwamba anaishi nchi nyingine. Basi mzazi ajue kwamba gemu hiyo, kabla haijawashwa, huenda ikamtaka mwanawe aandike uongo.

Udongo wa ng'ambo ya ziwa

Liko jambo jingine ambalo watoto hawaambiwi. Ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu mna vipande vidogo vyenye madini ya tantalum, na tantalum hutoka katika koltani. Mwaka 2000 dunia ilipovihitaji vifaa hivi kwa wingi, bei ya koltani ilipanda mara kadhaa, na sehemu kubwa ya fujo ilikuwa Kivu, mashariki ya Kongo, ambako makundi ya silaha yaliipigania. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Mwaka 2024 machimbo ya Rubaya yalitekwa tena na waasi. Na Februari 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi kuja kwetu, wengine wakiwa na watoto migongoni.

Milima ya Kongo tunaiona kila jioni jua linapotua. Mashine inayosubiriwa hapa huenda ina chembe iliyotoka nyuma ya milima ile, ikaenda Asia, ikarudi kwetu kwa bei ambayo familia nyingi za wavuvi hazina. Hatusemi ni haramu kuishika. Tunasema mtoto aambiwe, ili siku akimwona mtoto mkimbizi wa Uvira asimdharau.

Kosa letu, na jibu kwa mzazi

Sasa turudi kwenye swali. Ndugu zetu, kabla ya kujibu inatupasa kukiri. Miaka iliyopita tulikuwa na mwanafunzi mwenye sauti nzuri ya tajwidi, ambaye alianza kukosa darasa la jioni. Tuliambiwa yuko kwenye gemu. Tulimfuata, tukamtoa mbele ya wenzake kwa maneno makali, tukamsimamisha madrasa nzima ikimtazama. Hakurudi tena. Baadaye tulikuja kujua kwamba kule kwenye kibanda alikuwa akilipwa kidogo kwa kufagia na kukusanya faranga, na kidogo hicho alikipeleka kwa mama yake. Hatukuwa tumemuuliza. Leo anavua ndagala, tukionana anatusalimia kwa heshima, nasi tunaona haya.

Kwa hiyo jibu letu si "kataza" wala "acha". Kumbukeni yale maswali matatu.

Kwanza, kamari. Vibandani kuna desturi ya "anayefungwa analipa". Watoto wanaiona ndogo, lakini kila mmoja anaingia akijua kwamba ama atacheza bure ama atalipia wawili, na hiyo ndiyo sura ya kamari. Kila mtu alipe nusu yake, iwe kodi ya kutumia mashine, mlango huo utafungika.

Pili, swala na masomo. Kibanda kifungwe kuanzia Maghrib hadi Isha, na saa za shule. Mwenye kibanda ni mtoto wetu, ana wazazi hapa. Tumwendee kabla hajafungua, tukanywe naye chai, tusisubiri kumwendea na fimbo. Na tusidhani kwamba kuzama kupita kiasi ni hofu ya walimu wa madrasa tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa.

Tatu, ugomvi na matusi. Hapa hakuna dawa ila mtu mzima kuwapo. Baba anayekwenda kutazama mechi moja na mwanawe atajua mengi kuliko baba anayeuliza majirani.

Na kuhusu gemu za kunakiliwa, wajue kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia. Kijana anayeona uzito wa hili amejifunza kitu kikubwa kuliko gemu yenyewe.

Mwisho, wazazi wenzetu, jamaa yule akishuka na mabegi yake, watoto watakimbia barabarani. Tusiwe wa kwanza kuwafokea. Tuwaulize wanataka kucheza nini na nani aliwafundisha, na kama wanajua nani aliibuni. Mwana anayeulizwa nyumbani hana haja ya kujificha. Tulimpoteza mmoja kwa kutouliza, na hatutaki kumpoteza wa pili.

Tunamuomba Allah (S.W.T) atulindie watoto wetu, awarudishe salama majumbani wakimbizi wote wa pande zote za ziwa hili, na atusamehe tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.