Utumbo Unapogoma

"Umeshatoa hewa?"

Ndilo swali la daktari anapopita wodi ya upasuaji asubuhi, mara nyingine kabla hata ya kufunua kidonda. Mgonjwa anatazama dari. Mkwewe amesimama pembeni na chupa ya uji, na jambo lenyewe si la kutajwa mbele ya mkwe. Lakini daktari hatanii. Mtu akikatwa kipande cha utumbo mpana, utumbo uliobaki nao hulala. Hausukumi kitu, tumbo linajaa na kuwamba kama ngoma, na akinywa chochote kinarudi kilikotoka. Kwa kawaida utumbo mdogo huamka ndani ya saa 24, mfuko wa chakula baada ya siku moja au mbili, na utumbo mpana, mvivu wa ukoo huo, siku ya tatu au zaidi. Ushuzi wa kwanza ndio tarishi wa habari njema.

Kwa nini utumbo ulale, ilhali aliyelazwa kwa dawa ya usingizi ameshaamka tangu jana? London, mwaka 1899, mashemeji wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walichapisha uchunguzi wao kuhusu utumbo wa mbwa. Waliona kwamba kufungua tumbo kunatosha kuusimamisha, na kwamba ukikata mishipa ya fahamu inayoteremka kutoka uti wa mgongo, utumbo unaendelea na kazi. Kwa hiyo utumbo haukuwa umechoka. Ulikuwa umepewa amri ya kusimama.

Ng'ambo ya bahari, huko Boston, Walter Cannon alikuwa na kifaa kipya. Eksirei ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu alipoanza, angali mwanafunzi wa udaktari Harvard, kuwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi ili aone kinavyosafiri tumboni. Aligundua kwamba paka akikasirika tumbo lake husimama, jambo ambalo bibi zetu wangemwambia bila mashine. Mwaka 1906, pamoja na mwenzake Murphy, aliwapasua paka na kuwapima tena. Etha, dawa ya usingizi iliyokuwa ikilaumiwa sana, ilichelewesha chakula kidogo tu. Kilichokisimamisha hasa ni mikono: utumbo ulioshikwashikwa ulikataa kazi kwa saa nyingi. Hapo ndipo madaktari wangepaswa kujitazama vidole. Badala yake, walitafuta mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa na sababu njema. Mwaka 1921 Abraham Levin wa New Orleans alileta mrija laini wa kupitishwa puani hadi tumboni. Muongo uliofuata Owen Wangensteen, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akaunganisha mrija wa namna hiyo na chombo cha kufyonza, akawaokoa watu ambao utumbo wao umeziba, ambao wengi wao zamani walikufa. Sifa zikaenea, na sifa zilipoenea akili ikabaki nyuma. Dawa ya aliyeziba ikageuka sare ya kila aliyepasuliwa tumbo: mpira puani, dripu mkononi, na amri ya kutoonja kitu mpaka hewa itoke. Vizazi vya wagonjwa vililala hivyo, koo linawauma, njaa inawauma, na mofini ya kutuliza kidonda ikizidi kuufunga utumbo uleule unaongojwa.

Hesabu ilikuja kufanywa mwaka 1995, pale Cheatham na wenzake walipokusanya majaribio 26 ya mpira huo yenye wagonjwa 3,964. Wasiowekewa mpira hawakudhurika. Walipata homa na nimonia kwa uchache zaidi, na walikula mapema. Kwa kila mmoja aliyehitaji mpira baadaye, wapo wasiopungua 20 ambao hawakuuhitaji kabisa.

Mwaka huohuo, katika hospitali ya Hvidovre nje kidogo ya Copenhagen, Henrik Kehlet na wenzake walieleza jinsi walivyovunja miiko yote kwa mpigo. Ganzi ilidondoshwa mgongoni ili mofini ipungue, mgonjwa akapewa chakula mapema, akatolewa kitandani atembee. Mwaka 1999 Kehlet na Mogensen waliandika kuhusu wagonjwa 16 waliokatwa utumbo mpana kwa upasuaji wa kufungua tumbo: nusu yao au zaidi walikuwa nyumbani ndani ya siku 2. Madaktari wengi walidhani ni chumvi. Chumvi ya kweli ilikuwa kwenye dripu. Mwaka 2002, Lobo na wenzake huko Nottingham walionyesha kwamba maji na chumvi nyingi huulowesha utumbo na kuuchelewesha: waliopewa kwa kiasi walipata choo siku ya 4, na waliopewa kwa desturi siku ya 6 na nusu.

Wakati huo fumbo la Cannon, kwa nini kushikwashikwa kuusimamishe utumbo kwa muda mrefu, lilikuwa limepata jibu. Huko Pittsburgh, mwaka 1998, Kalff na wenzake waliuminya utumbo wa panya na kukuta seli nyeupe za damu zimejaa kwenye misuli yake, kama panapoumia pengine popote. Baada ya amri ya mishipa ya fahamu, hufuata uvimbe unaodumu kwa siku. Ndiyo maana upasuaji wa matundu madogo, unaougusa utumbo kidogo, huuamsha mapema.

Kisha ikaja zamu ya chingamu, ile bigijii tuliyochapwa kwa kuitafuna darasani. Japani, mwaka 2002, Asao aliwapa wagonjwa 10 watafune mara tatu kwa siku, ili tumbo lidhani chakula kinakuja. Walitoa hewa siku moja kabla ya wenzao 9. Wajerumani wa Heidelberg wakajaribu kahawa mwaka 2012: choo cha kwanza kilikuja baada ya saa 60, dhidi ya 74 kwa wanywa maji. Chingamu haikudumu na sifa zake. Jaribio la Uholanzi la wagonjwa wapatao 2,000, lililochapishwa mwaka 2018, halikuona faida. Kahawa naitetea, lakini mimi si shahidi wa kuaminika.

Marekani iliidhinisha alvimopani mwaka 2008, dawa inayoizuia mofini isiuguse utumbo bila kuifuata ubongoni. Inatolewa hospitalini tu, dozi zisizozidi 15, kwa hofu ya moyo. Na mwaka 2024 Waingereza walitangaza matokeo ya ganzi ya lidokaini ya kupitia mshipani kwa wagonjwa 590: haikuuharakisha utumbo. Kipimo walichotumia kujua nani amepona kilikuwa hiki: awe amekula milo mitatu mfululizo bila kutapika, na awe ametoa hewa au choo.