Hesabu ya Siku ya Wamaya na Uvumi wa Mwisho wa Dunia

Mwaka 2012 palienea uvumi katika nchi nyingi kwamba dunia itakwisha tarehe 21 Desemba. Waliouvumisha walisema kwamba jambo hilo lilitabiriwa zamani na Wamaya, watu wa Amerika ya Kati. Huko Ufaransa wakubwa wa serikali walizuia watu wasipande mlima wa Bugarach, maana ilisemekana kwamba hapo ndipo watakapookoka. Siku ile ikacha, ikachwa, na dunia ikabaki mahali pake. Basi twauliza: je, Wamaya walikosea, au walisingiziwa?

Wamaya walijenga miji ya mawe kama Tikal, Palenque na Copán, katika nchi ziitwazo leo Guatemala, Meksiko na Honduras. Walikuwa na maandishi yao wenyewe, na hesabu yao ilikuwa na alama tatu tu: nukta ni moja, mstari ni tano, na mfano wa kombe la pwani ni sifuri. Siku 20 zilifanya fungu moja. Mafungu 18 yalikuwa siku 360. Ishirini za hizo ni siku 7,200. Na ishirini tena ni siku 144,000, ziitwazo baktuni. Baktuni 13 ni siku 1,872,000, yaani miaka 5,125 na zaidi kidogo. Hesabu hiyo ilianzia mwezi wa Agosti mwaka 3114 kabla ya Kristo, nayo ikatimia Desemba 2012.

Kutimia kwa hesabu si kufa kwa dunia. Daftari ya mwenye duka ikijaa, duka halifungwi. Hufunguliwa daftari mpya. Wamaya wenyewe ndivyo walivyofahamu. Mfalme Pakal wa Palenque alitawazwa mwaka 615, na katika maandiko ya mji wake imechongwa sikukuu ya kutawazwa kwake itakayoangukia mwaka 4772. Mtu angojaye mwisho mwaka 2012 hawezi kuandika sikukuu ya mwaka 4772!

Lipo jiwe la Tortuguero, huko Meksiko, liitajalo siku ile ya 2012. Mahali pengine limevunjika, lakini panaposomeka pataja kutimia kwa hesabu na jina la mungu mmoja. Halitaji moto wala gharika.

Uvumi ulitoka wapi, basi? Ni kweli kwamba Wamaya wa kabila la K'iche' wana masimulizi ya watu wa kwanza walioumbwa kwa udongo, na wengine kwa mti, wakaangamizwa, hata wakaumbwa watu kwa mahindi. Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani, Michael Coe, alidokeza katika kitabu chake kwamba huenda kutimia kwa baktuni 13 kulidhaniwa kuwa maangamizi. Wengine wakalichukua dokezo hilo, wakaliongeza chumvi, wakauza vitabu.

Na Wamaya wa kale hawakuweza kujitetea, kwa maana mwaka 1562, katika mji wa Maní, mtawa wa Kihispania Diego de Landa alichoma moto vitabu vyao. Vijulikanavyo leo ni vinne tu. Kitabu kikichomwa, kila mpitaji aweza kujitungia maneno na kusema, "Hivi ndivyo kilivyonena." Lakini Wamaya hawakwisha. Mamilioni ya wajukuu wao wangali wakilima mahindi na kusema lugha zao, na baadhi yao bado wahesabu siku kwa desturi ya wazee.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Hili lilisemwa, wala halikuwapo. Basi tuletewapo unabii wa watu wa mbali, tuulize kwanza: wenyewe waliandika nini, na aliyetusomea ni nani?