Kola Iliyogeuzwa

Nilipokuwa darasa la nne shati langu la shule lilikuwa la kurithi kwa kaka. Kola ilipolika, mama alilipeleka kwa fundi cherehani akaigeuza: upande mbovu chini, mzima juu. Nikatamba nalo mstarini kama limetoka dukani leo. Mwenzangu wa dawati hakuwa na bahati hiyo. Lake lilichanika kwapani. Mwalimu akiuliza hesabu, jibu analo, ila mkono hanyooshi. Ananinong'oneza mimi, mimi nanyoosha, mimi napigiwa makofi.

Tuliambiwa eti sare inatuweka sawa, mtoto wa bosi na mtoto wa muuza mihogo. Neno lenyewe linaahidi hivyo. Hata mpirani, kutoka sare ni kulingana. Lakini historia ya vazi hili ilianza kwingine kabisa.

Mwaka 1552 ilianzishwa London shule ya Christ's Hospital, kwa ajili ya yatima na watoto wa mafukara. Walivikwa joho refu la bluu. Ukimwona mtoto barabarani unajua: huyo analelewa kwa sadaka. Baadaye, karne ya 19, shule za wakubwa wa Uingereza nazo zikashika sare, safari hii ikawa alama ya fahari. Wamisionari na serikali ya kikoloni wakatuletea huku kwetu. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, kaptula ikabaki.

Ila angalia tofauti: yule yatima wa London alipewa nguo. Sisi tunanunua.

Mwaka 2001 Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi, Kenya ikafuata Januari 2003. Watoto wakafurika madarasani. Lakini sare ikabaki mzigo wa mzazi, yaani ada ilitoka mlangoni ikarudi dirishani. Mwaka huohuo wa 2003, katika baadhi ya shule za magharibi mwa Kenya, watafiti walianza kugawa sare bure kwa wanafunzi wa darasa la sita. Baada ya miaka 3, wasichana walioacha shule walikuwa asilimia 16. Kule zisikogawiwa, asilimia 19. Nguo tu, jamani!

Sisemi sare itupwe. Tukiitupa, mtoto wa bosi atakuja na raba mpya kila Jumatatu, na sisi je? Nasema hivi: anayeitaka sare kwa lazima, aulize kwanza nani ataishona.

Yule mwenzangu alitolewa mstarini siku moja, akaambiwa arudi na shati zima. Hakurudi. Wiki nzima jina lake liliitwa kwenye rejista, tukajibu, "Hayupo." Mwalimu akauliza hesabu. Nikageuka upande wake, dawati tupu.

Siku hiyo sikunyoosha mkono.